Nyanya, hoho na kunde zimesokoteka majani kwa wakati mmoja: je, ning'oe zote?

Swali kutoka kwa msomaji wa Utawala, Nairobi:

"Ndugu mtaalamu, pokea salamu zangu. Nina kishamba nyuma ya nyumba, udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi. Mwishoni mwa Aprili nilinunua samadi ya ng'ombe, lori dogo moja, nikaichanganya kwenye matuta, kisha nikahamishia miche ya nyanya na pilipili hoho, na kando yake nikapanda kunde. Sukuma wiki na mahindi yalikuwapo tangu awali, nayo nikayawekea samadi hiyohiyo. Mwishoni mwa Mei majani mapya ya nyanya yalianza kuwa membamba na kusokoteka, ya hoho yakajikunja, na ya kunde yakawa kama vikombe. Sukuma na mahindi hayana shida. Minyanya mitatu iliyoko kwenye ndoo verandani, katika udongo wa zamani, ni mizima. Nimepuliza dawa ya wadudu mara mbili na mbolea ya majani mara moja bila kuona mabadiliko. Mwenye agroveti amesema ni virusi, ning'oe yote nichome. Maji ninayotumia ni ya kisima cha mtaa. Nimekutumia picha nne. Nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, nakuomba using'oe wala usichome chochote kwa sasa. Nimesoma barua yako mara mbili na kuzikuza picha zako hadi mishipa ya majani ikaonekana, na ninachokishuku kwanza si virusi bali ni ile samadi uliyoinunua, au kwa usahihi zaidi, mabaki ya dawa ya kuua magugu ambayo huenda yaliingia humo kupitia chakula au matandiko ya ng'ombe. Shamba lako sijalikanyaga, kwa hiyo nitakueleza jinsi nilivyofika hapo ili nawe uweze kuhakiki kila hatua ukiwa umesimama mbele ya mmea wenyewe, kisha nitakuonyesha jaribio la maharage litakalokupa jibu baada ya wiki chache bila kwenda maabara.

Tuanze na jani. Jani halianzi maisha yake siku unayoliona limefunguka. Huanza likiwa uvimbe mdogo sana ndani ya chipukizi, na umbo lake, yaani upana, mikato ya kingo na mpangilio wa mishipa, hujengwa humo ndani wakati bado halionekani kwa macho. Kitu kikilidhuru wakati huo, alama yake hubaki hadi siku jani litakapopukutika. Ndiyo maana jani lililokwisha kusokoteka halinyooki tena hata chanzo kikiondolewa, na ndiyo maana dawa uliyopuliza isingeyarudisha majani yale katika hali yake hata kama ingekuwa dawa sahihi. Unachokiona leo ni habari ya wiki mbili au tatu zilizopita. Nafuu, ikiwa ipo, itaonekana katika majani ambayo bado hayajatoka. Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote, chukua uzi mwekundu, chagua minyanya mitano na hoho tano, na ufunge uzi huo kwa ulegevu chini tu ya jani changa kuliko yote katika kila mmea. Andika tarehe. Kuanzia hapo utahukumu kwa yale tu yatakayokuwa juu ya uzi, maana bila alama hiyo jicho huchanganya jani la zamani na jipya, na watu wengi nimewaona wakiendelea kupuliza dawa kwa mwezi mzima kwa sababu ya majani yaliyoharibika kitambo.

Baada ya jani lenyewe, tazama ni mimea ipi imepatwa, ipi imesalimika, na imepatwa kwa mpangilio gani. Hili ndilo lililonifanya nitilie shaka habari ya virusi. Nyanya na hoho ni jamaa moja, lakini kunde ni jamaa nyingine kabisa, ya mikunde. Wadudu na magonjwa kwa kawaida huchagua jamaa wanayoipenda, na huanza na mmea mmoja au miwili, mara nyingi upande wa pembeni, kisha huenea taratibu na bila mpangilio, hivi kwamba mmea ulio hoi husimama bega kwa bega na mmea mzima. Wewe umeandika kwamba jamaa mbili tofauti zilibadilika ndani ya juma moja hivi, na katika picha ya kwanza naona tuta zima lenye kimo kimoja na ulemavu wa aina moja, kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Mpangilio wa namna hiyo huashiria jambo lililoikuta mimea yote kwa pamoja: kitu kilichomo udongoni, kilichopita hewani, au kilichomiminwa na mkono wa mtu.

Simlaumu mwenye agroveti. Ukanda wetu unavijua virusi vinavyokunja majani kwa muda mrefu; ugonjwa wa mozaiki ya muhogo ulielezwa kwa maandishi tangu mwaka 1894 katika eneo ambalo leo ni Tanzania, na inzi weupe wanaoueneza ni haohao wanaoeneza virusi vya kukunja majani ya nyanya. Mtu aliyewahi kuona shamba la nyanya likiangamia kwa virusi hivyo hawezi kusahau, na akiona jani limejikunja, jina la kwanza kumjia ni hilo. Lakini virusi hivyo vina sura yake. Majani hujikunja kwenda juu, hubaki madogo, na kingo zake huwa za manjano huku katikati kukiwa na kijani. Mmea husimama wima, umedumaa, kama kichaka kidogo, na maua hudondoka. Aidha, inzi weupe hustawi wakati wa joto na ukavu, kama Januari na Februari kwetu. Ugonjwa uliojitokeza mwishoni mwa Mei, baridi inapoanza kuingia Nairobi, tena katika shamba ambalo hukutaja hata inzi mmoja mweupe, hauniingii akilini kwa urahisi. Hata hivyo, usinitegemee mimi kwa hili: asubuhi na mapema gusa matawi kwa kiganja. Wakiwapo wengi, utaona vumbi jeupe la wadudu likiruka na kurudi chini ya majani.

Kuna virusi vingine vinavyoweza kutudanganya zaidi, navyo ni virusi vya mozaiki ya tango, ambavyo huenezwa na vidukari na hushambulia mimea ya jamaa nyingi. Vikiingia kwenye mnyanya, jani linaweza kuwa jembamba kama kamba ya kiatu, karibu sana na hali ninayoiona kwenye picha yako ya pili. Kidukari huviambukiza kwa muda wa dakika chache tu za kuonja mmea, kwa hiyo dawa ya wadudu mara nyingi humuua akiwa amekwisha kuacha madhara. Ningevifikiria kwa uzito zaidi kama si mambo mawili katika picha hiyo ya pili. Jambo la kwanza ni shina: juu ya tuta la tatu kuna mnyanya ambao shina lake limejipinda kama herufi S, na vikonyo vya majani vimeinamia chini kana kwamba mmea una kiu, ilhali udongo una unyevu. La pili ni mishipa. Katika jani la nyanya lenye afya, mishipa hutawanyika kutoka katikati kama matawi ya mto. Katika jani lako imebanana, imekaribiana, na inakwenda sambamba kuelekea nchani, karibu kama ilivyo katika jani la nyasi, na nyama ya jani katikati yake ni haba. Virusi havipindi shina kwa namna hiyo. Dawa za magugu za aina fulani hufanya hivyo, tena ndiyo kazi yake.

Kabla sijafika huko, sharti niseme juu ya hoho, kwa sababu hapo sina uhakika wa namna ileile. Katika picha ya tatu kingo za majani ya hoho zimejikunja kwenda chini, na upande wa chini unang'aa kwa rangi ya kahawia hafifu, kama shaba iliyosuguliwa. Hiyo inaweza kuwa kazi ya utitiri mpana, mdudu mdogo mno, wa karibu robo ya milimita, ambaye hujificha ndani ya chipukizi na kufyonza majani kabla hayajafunguka. Kwa pilipili kuna kanuni ambayo imenisaidia mara nyingi: kingo zikijikunja kwenda chini, mtafute utitiri, zikijikunja kwenda juu kama mtumbwi, mtafute thripsi, yule mdudu mdogo mwembamba anayefyonza majani. Kanuni hiyo hailingani na kipimo, lakini inakuambia pa kuanzia. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 20. Ile ya mara 10 inayotumika shuleni haitoshi vizuri. Chuma chipukizi changa kabisa, si jani kubwa, lifunue na uangalie kando ya mshipa wa kati upande wa chini. Wadudu wenyewe ni wa rangi ya maji au manjano hafifu, na ni rahisi kuwakosa, lakini mayai yao hayasahauliki: ni ya duaradufu, angavu, na yamepambwa kwa safu za vidoadoa vyeupe, kama ushanga uliobandikwa kwenye jani. Ukiyaona, umepata jibu la hoho, ingawa bado hujapata jibu la kunde.

Na ikiwa ni utitiri, basi dawa uliyopuliza huenda imewasaidia. Utitiri si mdudu wa miguu sita. Ni jamaa ya buibui na kupe, na dawa nyingi za kawaida za wadudu hazimuui, bali huwaua maadui zake wa asili. Dawa zenye salfa humdhibiti, mradi ziwe zimesajiliwa kwa zao hilo na zipulizwe jioni au siku ya mawingu, kwa kuwa salfa juani huunguza majani. Nakusihi usinunue hata hiyo kabla ya kuona yai au mdudu kwa macho yako.

Habari ya upungufu wa madini na ya maji nitaipitia haraka, kwa kuwa dalili zako haziielekei. Kalisiamu ikipungua, ncha za majani machanga hukauka na tunda la nyanya huoza kitako. Boroni ikipungua, majani na mashina huwa makavu na hukatika kwa urahisi. Zinki, ambayo katika udongo mweusi wenye magadi inaweza kuwapo lakini mizizi isiipate, hufanya majani yawe madogo na ya manjano kati ya mishipa. Maji ya visima vya Nairobi mara nyingi huwa na floraidi na chumvi nyingi, na kwa muda mrefu huunguza kingo na ncha za majani, hasa mimea ya vyungu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosokota shina. Zaidi ya hayo, sukuma wiki yako inanyweshwa maji hayohayo na inastawi. Vilevile, ukiona majani ya zamani ya chini ya nyanya yamejiviringisha kwenda juu, ni mazito na ya kijani kibichi, huku majani mapya yakiwa mazima, hiyo ni hali ya kawaida ya mmea uliopogolewa sana au uliopata maji kwa vipindi visivyo sawa, na haihitaji dawa.

Sasa tuje kwenye dawa za magugu. Kuna kundi la dawa zinazoua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, na zinafanya hivyo kwa kuiga homoni ya ukuaji ya mmea wenyewe, iitwayo oksini. Mmea haufi kwa sumu ya kuunguza. Hupewa amri ya kukua bila utaratibu, seli za upande mmoja zikirefuka kuliko za upande mwingine, ndipo shina hujipinda, vikonyo huinama na majani mapya huzaliwa yakiwa na umbo la utepe au kikombe. Inayojulikana zaidi ni 2,4-D, ambayo hutumika kwenye mahindi, ngano, miwa na hata nyasi za bustani za mitaani. Mnyanya huisikia hata kwa kiasi kidogo kabisa. Huweza kufika kwa upepo kutoka kwa jirani, au kwa pampu ya kubeba mgongoni iliyotumika kwa magugu kisha ikajazwa dawa ya wadudu.

Hili la pampu lina uchungu kwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kikundi cha vijana waliokuwa na nyanya ndani ya kivungulio (greenhouse), kaskazini ya jiji, na baada ya kutazama majani kwa dakika zisizofika kumi niliwaambia ni virusi. Waliing'oa minyanya yote, mamia, ikiwa na vitumba vya maua. Walipanda upya, na baada ya wiki tano majani yakawa vilevile. Niliporudi ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza mara ya kwanza, na ikadhihirika kwamba pampu yao ilikuwa ikiazimwa na jirani kwa ajili ya magugu ya mahindi. Msimu mmoja mzima wa watu waliojinyima kununua mbegu ulipotea kwa sababu ya kauli yangu ya haraka. Tangu hapo huwa nauliza habari za pampu, za jirani na za samadi kabla sijafungua mkoba wa lenzi. Nawe nakuuliza: pampu uliyoitumia ni yako, au umeazima? Je, mlezi wa nyasi za mtaa wenu amepuliza dawa mwezi wa Mei?

Hata hivyo, kuna kitu katika barua yako kinachonisogeza mbali na 2,4-D na kunielekeza kwenye samadi, nacho ni sukuma wiki. Jamaa ya kabeji haivumilii 2,4-D. Ingepita hewani au ndani ya pampu, ningetarajia sukuma nayo ijikunje na mashina yake yavimbe. Lakini katika kundi hilohilo la dawa kuna nyingine, kama vile klopiralidi na aminopiralidi, ambazo mahindi na nyasi huzivumilia kabisa na jamaa ya kabeji huzivumilia kwa kiasi kikubwa, ilhali nyanya, viazi, na mimea yote ya mikunde huumia vibaya. Orodha yako ya waliopona na walioumia inafanana na hiyo kwa namna ambayo siwezi kuipuuza: mahindi na sukuma ni salama, nyanya na kunde zimelemaa.

Dawa hizi zina tabia moja inayozifanya zisumbue wakulima wasiowahi kuzinunua. Ng'ombe akila nyasi au majani makavu yaliyopulizwa, dawa hupita tumboni mwake karibu bila kuvunjwavunjwa na kutoka katika kinyesi na mkojo, na yale majani makavu ya ngano yanayotandikwa zizini huibeba vilevile. Katika rundo la samadi huweza kudumu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kwa kuwa huvunjwavunjwa zaidi na vijidudu vya udongoni vinavyohitaji hewa, na ndani ya rundo hewa ni haba. Nchini Uingereza, mwaka 2008, bustani nyingi za mboga ziliharibika kwa njia hiyohiyo hadi uuzaji wa dawa zenye aminopiralidi ukasimamishwa kwa muda. Zizi la pembezoni mwa Nairobi hulishwa nyasi kavu za Boma Rhodes na mabua yaliyosafirishwa kutoka mbali, pengine kutoka mashamba ya ngano, na mwenye ng'ombe hana njia ya kujua kilichopulizwa huko. Aliyekuuzia samadi huenda hana kosa lolote. Ningependa umpigie simu kwa upole umuulize ng'ombe walilishwa nini na walitandikiwa nini tangu Januari.

Minyanya mitatu ya verandani ni ushahidi mzuri, lakini haujakamilika. Haikupata samadi, ni kweli. Ila pia imekingwa na upepo, na imenyweshwa tofauti. Ushahidi kamili utaletwa na maharage, na ndilo jaribio ambalo ningefanya mimi mwenyewe hata kama ningekuwa na maabara jirani, kwa kuwa maabara ya kawaida ya udongo hupima rutuba na tindikali, si mabaki ya dawa za magugu, na mharage huonyesha dalili hata kwa kiasi ambacho vifaa vingi haviwezi kukiona.

Tafuta makopo tisa ya ukubwa mmoja, uyatoboe chini. Katika matatu ya kwanza weka udongo wa zamani wa verandani pekee. Katika matatu ya pili weka sehemu mbili za udongo huohuo na sehemu moja ya samadi iliyobaki, ukiwa umeichota kutoka sehemu tano au sita za rundo, juu, ndani na chini. Katika matatu ya mwisho weka udongo uliochimbwa kwenye tuta la nyanya. Panda punje nne za maharage katika kila kopo, maharage ya kawaida ya jikoni yasiyopakwa dawa. Yaweke yote mahali pamoja penye jua, kila kopo na kisahani chake ili maji yasichuruzike kutoka moja hadi jingine, uyafunike kwa kipande cha chandarua kikuukuu kuzuia vidukari, na uyanyweshe yote maji yaleyale ya kisima. Kwa baridi ya sasa, ambapo usiku halijoto ya Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 10 au 12, usishangae yakichelewa kuota. Jipe wiki tatu hadi nne. Usihukumu kwa majani mawili ya kwanza. Subiri yale yanayotoka matatumatatu, angalau mara mbili.

Ikiwa maharage ya samadi na ya tuta yatatoa majani ya kikombe, yenye mishipa iliyobanana na ncha iliyopinda, huku yale ya udongo wa verandani yakiwa mazima, basi shauri limekwisha: ni samadi. Ikiwa yote tisa yatalemaa, chanzo kiko katika maji au hewa, nawe uniandikie mara moja. Yote yakiwa mazima, samadi haina hatia, nasi tutarudi kwa utitiri na virusi. Tahadhari moja: samadi mbichi inaweza kuunguza kingo za majani zikakauka, lakini kukauka si kusokoteka, na usivichanganye.

Wakati unasubiri, acha kupuliza. Kunde na nyanya ulizokwisha kupuliza usizivune kabla ya kupita idadi ya siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, na kwa kunde, ambazo huliwa majani, mimi ningeacha kabisa kuvuna hadi jaribio likamilike. Usimpe jirani samadi hiyo, hata akiomba, na usiongeze mbolea ya chumvichumvi kwa matumaini ya kuisukuma mimea; mmea ulioharibiwa mpango wa ukuaji hauhitaji kuharakishwa.

Samadi ikithibitika kuwa ndiyo chanzo, mengi bado yanaweza kuokolewa. Minyanya iliyoathirika kidogo huweza kuota majani mazuri juu ya ule uzi mwekundu. Ipe mwezi mmoja. Ile iliyojipinda shina na kuacha kukua, ing'oe, lakini usiitupe kwenye rundo la mboji, kwa kuwa dawa ingali ndani yake. Kwenye matuta hayo panda mahindi, na ugeuze udongo kwa jembe mara kwa mara ili upate hewa, na samadi iliyomo itawanyike kadiri iwezekanavyo. Mabua ya mahindi hayo pia usiyafanye mboji ya mboga. Kabla ya kurudisha nyanya, viazi, maharage au kunde mahali hapo, rudia jaribio la makopo matatu matatu. Kuna watakaokushauri kufurika matuta kwa maji ili dawa iondoke. Katika udongo mweusi wa Utawala maji hayapenyi kwa urahisi, yatatuama na kuozesha mizizi. Wengine watakuambia uchanganye makaa ya jikoni. Makaa yanayonasa dawa hutengenezwa kwa namna maalumu, na haya ya jiko hayana nguvu hiyo.

Na ikiwa jaribio litaiondolea samadi lawama, ndipo safari ya maabara itakuwa na maana. Kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kiko Kabete, kando ya Waiyaki Way, na makao makuu ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, yako Karen. Usipeleke jani moja ndani ya mfuko wa plastiki; hutoka jasho na kuoza kabla halijatazamwa. Ng'oa mmea mmoja mgonjwa na mizizi yake, na mwingine ulio mzima, ufunge mizizi na udongo wake katika karatasi, mmea wenyewe katika gazeti kavu, uandike tarehe ya kupanda, dawa zote ulizopuliza na siku dalili zilipoanza, na uwafikie asubuhi ya siku za mwanzo wa juma ili sampuli isilale mwishoni mwa wiki bila kushughulikiwa. Ukiwa unang'oa, tazama mizizi: vinundu kama shanga ni alama ya minyoo ya mizizi, ambayo hudumaza mmea ingawa haisokoti majani, na ni vyema kujua kama ipo.

Nitasubiri picha za maharage. Piga kopo moja kutoka kila kundi, yakiwa yamepangwa pamoja mbele ya ukuta mweupe, kwa mwanga wa asubuhi, na nyingine ya jani moja tu likiwa limeinuliwa dhidi ya jua, ili nione mishipa.